Mwaka Niliokuwa Macho ya Mama Lennart

Lennart alikuja kuniona Othaya mwezi wa pili mwaka huu. Alikuwa amesafiri na wazee wenzake kutoka Uswidi kuutazama Mlima Kenya. Wenzake wakabaki hotelini Nyeri mjini wakingoja mawingu yafunguke, naye akakodi gari kuja kwangu. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Siku hizi huwa nimechoka siku nyingi, na si kwa kazi, maana nilistaafu ualimu zamani. Ni uchovu wa mtu ambaye amewaaga watu wengi na bado anatakiwa kukaribisha wengine. Nilimkalisha kwenye veranda, pale jua la asubuhi linapoanzia, tukatazamana kama watu wanaotafuta sura ya zamani ndani ya sura mpya. Jirani yangu Nyambura, ambaye tulikuwa naye shule ya msingi na ambaye huingia kwangu bila kubisha, alinivuta jikoni. “Mwalimu, ati huyu ni nani?” Nikamwambia ni mtoto wa mama niliyekaa kwake nilipokuwa ng’ambo. Akachungulia tena dirishani. “Mtoto? Huyu? Aii, huyu mtoto amezeeka kukushinda! Atakunywa chai ama kahawa?” Nikasema kahawa. “Hapo ni shida,” akasema Nyambura. “Kahawa iko kwa shamba, kwa nyumba hakuna.” Ikabidi aende kwake kuitafuta. Lennart alikuwa amekuja na jambo moja la kunieleza, na nitalifikia. Lakini huwezi kulielewa kabla sijakueleza ule mwaka wenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Uppsala ni mji mkongwe wa chuo kikuu, mwendo mfupi wa garimoshi kaskazini ya mji mkuu wa Uswidi. Nilipelekwa huko kwa mwaka mmoja kusomea mimea, nikiwa mwalimu kijana ambaye hajawahi kufika mbali kuliko Nairobi. Nilipangiwa chumba kwa mama mmoja mjane, aitwaye Birgit, mwenye miaka sabini na zaidi, aliyeishi peke yake ghorofa ya tatu katika nyumba ya mawe isiyo na lifti. Jioni niliyowasili, nikiwa bado nimeshika sanduku mlangoni, aliniangalia, au nilidhani ananiangalia, akasema neno moja: “Fika?” Nilishangaa kusikia Kiswahili mbali vile. Nikajibu kwa adabu zote, “Ndiyo, Mama, nimefika.” Akatabasamu, akageuka, akaweka birika la kahawa mezani. Ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba kwao neno hilo ni kuketi na kunywa kahawa pamoja na kitu kitamu, na kwamba hakuna siku inayopita bila kufanya hivyo. Mimi niliyekulia katikati ya mashamba ya kahawa sikuwa nimewahi kuinywa. Kwetu tuliichuma, tukaibeba kiwandani, tukarudi nyumbani kunywa chai. Kwa Mama Lennart ndipo nilipojua ladha ya kile tulichokuwa tukikipeleka miaka yote, kikiwa na mkate mtamu wa mdalasini na iliki, katika jiko dogo lenye pazia la manjano. Dirisha la jiko hilo, kama dirisha la chumba changu, lilitazama ua wa ndani: ukuta, mapipa ya taka, baiskeli. Hakukuwa na kingine cha kuona.

Nilimwita Mama Lennart kwa sababu sikuweza kumwita kwa jina. Yeye alitaka nimwite Birgit, kama kila mtu mjini humo anavyomwita kila mtu, wadogo kwa wakubwa. Nilijaribu mara mbili, nikahisi kama nimemtukana. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba kwetu mwanamke mzima huitwa kwa jina la mtoto wake. Alicheka mpaka akashika meza. “Nimemzaa miaka arobaini iliyopita,” akasema, “na leo ndiyo mara ya kwanza kupata faida.” Kuanzia hapo hakuitikia jina lingine kutoka kwangu. Lakini mwezi wangu wa kwanza kwake haujaisha nilianza kuona mambo. Akimimina kahawa aliingiza ncha ya kidole kikombeni, akamimina mpaka kidole kikaungua kidogo, ndipo akasimamisha. Kila kitu jikoni kilikuwa na mahali pake, na siku niliyorudisha chumvi penye sukari tulikunywa kahawa ya chumvi, naye akaimaliza yote bila kusema, akidhani mimi sitagundua sababu yake. Niliweka kikombe changu chini. Nikamuuliza kama wanavyouliza watu wa kwetu, kwa kuzunguka: “Mama Lennart, mwanga wa humu ndani unakutosha?” “Mwanga ninauona,” akasema. “Mwanga na kivuli. Vilivyo katikati vimekwenda.” Halafu akaniomba nisimwambie mtoto wake. Lennart alifanya kazi mji wa mbali, pwani ya magharibi, naye alikuja mara chache. “Akijua atanipeleka kwenye nyumba ya wazee. Hapa mimi ni mwanamke mzee tu, Wangui. Najua kila mlango. Kule nitakuwa kipofu.”

Ndivyo zilivyoanza Jumapili zetu. Mama Lennart alikuwa ameishi mjini humo maisha yake yote na alipenda sana kuwatembeza wageni. Sasa alinitembeza mimi, lakini mimi ndiye niliyetakiwa kueleza. “Niambie,” alikuwa akisema, akiushika mkono wangu juu ya kiwiko. Nami nilikuwa sina maneno ya mji ule, nikatumia ya kwetu. Kanisa kuu lenye minara miwili mirefu lilijengwa kwa matofali mekundu, nikamwambia ni jekundu kama barabara ya Othaya baada ya mvua. “Na barabara ya Othaya ni nyekundu namna gani?” Nikajibu, “Kama kanisa hili.” Alifurahi sana, akasema sasa ameona vyote viwili. Ngome ya wafalme juu ya kilima ilikuwa ya rangi ambayo niliita nyama ya pera, ikabidi nimweleze pera ni nini, mbegu zake na harufu yake kabatini. Katika jumba la makumbusho linalotazamana na kanisa, chini ya kuba, kuna chumba cha mviringo ambamo zamani wanafunzi wa udaktari walisimama kwenye ngazi za mbao, duara juu ya duara, wakitazama maiti ikipasuliwa katikati; nilimwambia ni kama watu waliouzunguka mnada wa ng’ombe Karatina, wa nyuma wakipanda juu ya kitu ili waone. Tulipanda basi hadi Uppsala ya zamani, nje kidogo ya mji, kutazama vilima vitatu vya makaburi ya wafalme wa kale vilivyofunikwa nyasi. Nikamwambia vinafanana na mirundo ya maganda ya kahawa nyuma ya kiwanda, ila hivi havinuki. Akaniomba nisimame kileleni nimweleze upepo unatoka wapi, kisha akanisahihisha, maana upepo aliujua kuliko mimi. Ukijaliwa kwenda mji ule, nenda kote huko. Nenda polepole, na mtu mwingine akikushika mkono. Mtu anayetakiwa kumwelezea mwenzake huona mara mbili.

Majira ya baridi yalikuwa marefu, na saa tisa mchana giza lilikuwa limeshaingia. Sitalieleza, kila aliyekwenda huko hulieleza. Pasaka ilipofika, Lennart alikuja siku tatu. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyekunja nguo zake vizuri. Siku ya pili nilikuwa chumbani kwangu mlango ukiwa wazi kidogo, nikawasikia jikoni. Kiswidi changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha. “Mkono wa sweta yako umeungua, Mama.” “Ni ya zamani.” “Umeungua juzi. Bado unanuka.” Nikasikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe ambacho sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. “Unaniona, Mama?” “Nakuona tangu siku uliyozaliwa, na hukuwa mzuri sana wa kutazama.” Alicheka yeye peke yake. Kisha Lennart akasema polepole, kwa sauti ya mtu ambaye amefikiri njiani kote, kwamba atarudi Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano. Siku hiyo watatoka wawili, yeye na mama yake, bila msichana. Mama amtembeze mji kama alivyokuwa akiwatembeza wageni. “Ukinionyesha mji wako, sitalitaja jambo hili tena. Usipoweza, basi nitatafuta mahali.” Mama Lennart akajibu upesi, kama anayekubali kuongezewa kahawa, “Vizuri.” Lennart alipotoka kwenda kununua gazeti, mama yake alikuja mlangoni kwangu, akasimama. “Umesikia?” “Nimesikia.” “Basi vaa viatu.”

Tulifanya mazoezi majuma matano. Mchana baada ya masomo, kila siku. Ngazi hamsini na mbili kutoka mlangoni hadi barabarani. Hatua mia moja na kumi hadi kona yenye harufu ya mikate. Mawe ya mviringo chini ya mguu, maana yake umefika uwanja wa kanisa. Sauti ya maji ikianguka kwenye kizingiti cha mto, maana yake daraja liko kushoto. Nilikaa nyuma yake hatua kumi, nikiuma midomo. Alijua njia kwa miguu kuliko mimi kwa macho, lakini njia haikutosha. Mtu anayemtembeza mgeni huonyesha vitu, na vitu hubadilika. Kwa hiyo nikawa gazeti lake. Nilimwambia duka la maua limepakwa rangi ya kijivu, mnara wa kushoto wa kanisa umezungushiwa vyuma vya mafundi, sanamu fulani imewekwa kofia na wanafunzi watundu. Siku ya mwisho ya mwezi wa nne, mji mzima ulitoka kusherehekea kuja kwa majira mazuri. Wanafunzi wakavaa kofia nyeupe, wakajitosa mtoni juu ya vyelezo vya povu gumu la plastiki walivyojiundia, wakapinduka kwenye maporomoko huku umati ukipiga kelele. Tulisimama ndani ya umati ule, na Mama Lennart akaniambia ni chelezo gani kinapinduka kabla mimi sijakiona, kwa kusikiliza tu. Hapo ndipo nilipoamini kwamba tutashinda.

Juma la mwisho nilikuwa na mtihani wangu mkubwa siku ya Ijumaa. Alhamisi nzima nilijifungia chumbani na kitabu cha mimea, na Ijumaa nilitoka kwa mlango wa nyuma nikapitia njia fupi kwenda kufanya mtihani na kurudi, kichwa chini, nikirudia majina. Nilikuwa nasoma jinsi chipukizi la jani linavyolala majira ya baridi, kinacholiamsha, na siku zinazohitajika. Niliandika jibu refu na zuri juu ya jambo hilo. Jumamosi asubuhi Lennart alikuja, akamngojea mama yake chini barabarani. Nilimfunga Mama Lennart kitambaa cha shingo, nikampangusa unga begani. Akasimama mlangoni, uso wake umeinuka kidogo kama anayesikiliza, ingawa hakukuwa na sauti. “Miti ya kando ya mto,” akasema. “Imeshafungua?” Nilikuwa nimepita pale Jumatano. “Bado,” nikamwambia. “Iko uchi kabisa, kama vijiti.” Akakunja uso. “Una hakika?” “Nina hakika, Mama Lennart.” Nami nilikuwa na hakika. Natoka mahali ambapo miti haina haraka. Mkahawa una majani mwezi wa kwanza na una majani mwezi wa saba. Ukiuacha Jumatano utaukuta Jumamosi. Akaitikia kwa kichwa, akashika chuma cha ngazi, akashuka. Nilihesabu naye moyoni mpaka hamsini na mbili.

Nilikaa jikoni nikapika chapati, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya kwa mikono. Walirudi baada ya muda wa saa tatu. Nilisikia hatua zao kwenye ngazi, na nilijua kabla hawajaingia, kwa kuwa walipanda sambamba, yeye akiwa ameshikwa. Mama Lennart alivua koti akasema, “Nimechoka,” akaenda kulala. Lennart alikula chapati moja kwa heshima, akaniambia mama yake atahama mwishoni mwa mwezi wa sita, nitakapokuwa naondoka, na kwamba ananishukuru kwa yote niliyofanya. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Niliamini amejikwaa mahali. Kwa miaka yote hii, nikikosa usingizi, nimeitembea njia ile kwa mawazo nikitafuta jiwe lililomshinda.

Sasa turudi kwenye veranda, ambapo Nyambura alikuwa ameleta kahawa nyeusi kama lami, na Lennart anainywa bila kulalamika. Aliniambia mama yake aliishi katika ile nyumba ya wazee miaka minne. Halafu akaweka kikombe chini akaanza kunieleza ile Jumamosi, bila mimi kumwomba. “Hakujikwaa,” akasema. “Hata mara moja. Alinipandisha hadi kwenye ngome, akaniambia ina rangi ya pera. Nikamuuliza, Mama, wewe umekula pera lini? Akasema, kila Jumapili.” Alicheka kidogo. “Akanionyesha vyuma vya mafundi kwenye mnara. Akanicheka kwa kutogundua rangi mpya ya duka la maua. Wangui, nilikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimefurahi kushindwa. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba atabaki nyumbani kwake.” Nyambura, ambaye haelewi Kiingereza lakini anaelewa watu, aliacha kupanga vikombe. “Kisha tukafika darajani. Akasimama katikati, akainua mkono, akanionyesha miti. Akasema, maskini, mwaka huu imechelewa, bado iko uchi kama vijiti. Na miti ilikuwa ya kijani. Kile kijani cha kwanza, unakijua, kinachong’aa. Tawi moja lilikuwa karibu kumgusa uso. Nilimshika mkono tu, na kwa jinsi nilivyomshika akajua.” Alitazama kahawa yake. “Sijawahi kuelewa. Mama alikuwa anajua majira kwa pua. Miti ile inanukia inapofungua, hata mtoto mdogo anaisikia. Kwa nini alisema vile?”

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa mzee, nami ni mzee, na mwenye jambo lenyewe hayupo. Lakini nilimwona anavyokishika kikombe, nikaelewa kwamba yeye pia ana njia anayoitembea akikosa usingizi. Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza kitabu cha mimea, mtihani, mlango, kile alichoniuliza na kile nilichomjibu. Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi, na sikujitetea. Lennart alikizungusha kikombe chake mpaka Nyambura akaninong’oneza, “Mwalimu, umemwambia nini huyu mzee wa watu?” Mwishowe Lennart akauliza, “Yeye alijua kwamba ni wewe uliyekosea?” Nikafungua mdomo kusema sijui. Ndipo nilipoikumbuka Jumapili iliyofuata, kwa mara ya kwanza nikiwa na ufunguo wake mkononi, na nikamwambia ndiyo, alijua.

Maana siku ile ya pili, Lennart alipokwisha kuondoka na garimoshi la asubuhi, Mama Lennart alivaa koti lake kama kawaida akasema twende darajani. Nilidhani anataka kuuaga mji. Alihesabu hatua zake mwenyewe, mkono wake juu ya kiwiko changu, akasimama katikati ya daraja hasa, pale alipotaka. “Leo usinieleze kanisa,” akasema. “Nieleze miti. Usifanye haraka.” Nikainua macho, nikashtuka, kwani kando zote mbili za mto kulikuwa kumejaa majani, madogo, laini, yamekunjamana bado kama kitu kilichotoka kuoshwa, na mwanga ukipita ndani yake mpaka maji yenyewe yalikuwa ya kijani. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho, maana kwetu jani halianzi upya pamoja na majani yote duniani. Nilianza na mti wa karibu, tawi la chini, nikamweleza jani kwa jani, na furaha ya kipumbavu ikanipanda nikasahau huzuni ya jana. “Mama Lennart, yametoka yote mara moja!” nikamwambia. “Hata jana haikuwa hivi!”

Alinitafuta mkono, akaupata, akaukaza.

“Hapana,” akasema. “Jana haikuwa hivi.”